Mwendo Anaupanga Kitindamimba: Vilima vya Chokaa na Watoto Wadogo

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia juzi usiku. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa 9, na mumewe hataki hata kusikia habari za vilima. Eti kama ni kuchezesha watoto, bahari iko hapo nje, tena bure. Anataka kujua kama kweli mtu anaweza kuwapeleka wadogo kama hao kule Kambe na Chonyi, kwenye vilima vya Kilifi, au sisi tunaoweka picha tunajionyesha tu.

Anaweza. Na kujionyesha tunajionyesha pia, nisikudanganye.

Nianze na lililonikaa rohoni. Nilipokuwa sijui njia, nililipa nauli kwa kikundi kimoja cha matembezi cha hapa mjini, jina lake niachieni mwenyewe. Mwanangu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameingia chekechea. Tukafika chini ya miamba, yule kiongozi akamtazama mtoto miguuni, kisha akanigeukia: "Mama, wewe na huyu mtatungojea kwa gari." Mbele ya watu wote! Hakuuliza mtoto anatembeaje, hakuuliza nimebeba nini. Wenzetu wakapanda huku wanacheka, sisi tukabaki na dereva, ambaye hazikupita dakika nyingi akawa anakoroma.

Basi nikamshika mwanangu mkono tukaanza kuuzunguka mwamba wa karibu, polepole, hatua zake. Akatia vidole kwenye mifuo ya lile jiwe akaniuliza, "Mama, nani kalikwaruza?" Nikamwambia ni mvua. Hakuniamini, na wewe pengine huniamini, lakini ndivyo. Maji ya mvua hubeba asidi kidogo kutoka hewani, na yakipita kwenye udongo huongeza nyingine, na jiwe la chokaa huyeyuka kwa asidi hiyo, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana utakuta mifuo, matundu, nyufa za kupitisha mtoto ubavu, na mizizi ya miti iliyoteremka ukutani ikitafuta udongo. Miamba hii ya Kambe ilijijenga chini ya bahari enzi za Jurasi, zama za dinosaria. Mtoto wa Mombasa ukimwambia hapa palikuwa baharini, macho yanamtoka, maana bahari anaijua.

Wale waliopanda walirudi wanatota jasho. Nikawauliza mmeona nini? Wakanionyesha picha zao wenyewe wakiwa juu.

Hapo nikaelewa kitu ambacho ndicho ninachokiuza mpaka leo: kwenye vilima vya chokaa, na mtoto, usiende kutafuta kilele. Hakuna kilele cha kutisha huko, ni vilima tu. Uzuri wake uko usawa wa macho ya mtoto, kila baada ya hatua chache. Mwache kitindamimba aongoze, wakubwa wamfuate nyuma. Akisimama, simameni. Akitaka kurudi, rudini. (Yule kiongozi, kwa taarifa yenu, siku hizi hunitumia ujumbe kuniulizia njia. Humjibu kwa adabu.)

Sasa dada, usianzie Chonyi. Anzia Bamburi, kwenye bustani ya wanyama ya Haller Park. Pale palikuwa mashimo matupu ya mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa kwa ajili ya saruji tangu 1954. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo ya saruji, akaanza kupanda miti kwenye uwanda ule wa mawe na chumvi, na uliokubali vizuri ni mvinje. Majani yake yakawa yanaanguka bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo kuyatafuna, na kinyesi chao ndicho kilichoanza udongo. Watoto wangu walipolijua hilo waliacha kabisa kukanyaga majongoo, hata uani kwetu. Kivuli kipo na njia ni tambarare. Mtoto akiweza kuzunguka pale bila kubebwa, yuko tayari kwa vilima.

Njia ya Mazeras kuelekea Kaloleni sitaieleza, malori unayajua. Simama Rabai tu, kwenye makumbusho ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alikoanzisha misheni 1846. Watoto wanyooshe miguu, na waende msalani kabisa.

Maji. Nasema tena, maji. Vilima vya chokaa havina vijito juu kama watu wanavyodhani. Mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa na kupotea chini. Utatembea katikati ya kijani kibichi usikute hata tone la kunawa. Beba ya kunywa, beba ya kunawa, halafu ongeza chupa nyingine. Madafu utayapata barabarani, lakini usiyategemee.

Viatu ni raba zenye meno. Ndara ziacheni nyumbani, kwa sababu jiwe lililoliwa na mvua lina makali kama mbuzi ya kukunia nazi, na goti la mtoto halishindani nalo. Mvua za masika zikiwa zinanyesha, msiende: kuvu la kijani kwenye jiwe linateleza vibaya. Kaskazi ya Januari mpaka Machi ni jua la kuchoma. Mimi huenda Agosti, watoto wamefunga shule na kusi linavuma. Tokeni nyumbani saa 12 asubuhi, saa 5 muwe mmeshaanza kushuka.

Mashimo na mapango, usimwingize mtoto bila mwenyeji. Kuna popo, kuna nyuki, na kuna nyufa zilizofunikwa na majani makavu.

Na hapa lazima niseme, hata kama nitaonekana nahubiri. Misitu mingi ya huko ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya Kambe, Kaya Jibana, Kaya Ribe, zote zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na kabla ya UNESCO kuzaliwa zilikuwa na wenyewe. Hauingii mle kama unaingia bustani ya Mama Ngina pale ufukweni na spika begani. Unabisha hodi kwa wazee, unaambiwa pa kupita, unapita hapo hapo. Hakikatwi kijiti. Nimewaona watu wazima wa mjini, wenye elimu zao, wakivunja matawi ili picha itoke vizuri, halafu wanalalamika wenyeji ni wakali. Wakali kwa nani?

Pale Chasimba, huko Chonyi, kuna ua dogo la zambarau linaota kwenye nyufa za mwamba, aina ya sentipolia, jamaa wa yale yanayopandwa kwenye vikopo madirishani huko Ulaya. Hilo la mwituni limebaki kwenye miamba michache tu ya Kilifi. Binti yangu alitaka kumchumia bibi yake moja. Nilimkataza akalia mpaka tukafika kwenye gari, na nikamwacha alie. Bibi alichorewa.

Dada, yule wa miaka 9 mpe begi lake mwenyewe na filimbi shingoni, tena mwambie filimbi ni ya kupotea, si ya kuchezea. Wa miaka 4 akichoka mfunge mgongoni kwa leso. Vile vibebeo vya fremu vinanasa kwenye matawi. Mumeo usibishane naye. Mwambie mnakwenda Bamburi kuangalia twiga, mtungi wa maji abebe yeye. Mkishazunguka pale, niandikie tena, nitakuelekeza kwa mama mmoja wa Kambe ambaye mwanawe hutupitisha. Namba yake siiweki hapa.