Kabla ya kutia maji mu mashini yako, soma hii kwanza

Wiki iliyopita niliweka picha ya mashini yangu kwenye WhatsApp, ile kompyuta yangu ya kazi inayopozwa na maji, yenye tiyo nyeusi na rezervwari pembeni, na tangu pale simu haipumziki. Aliyenigusa zaidi ni kijana mmoja wa Katuba, aliandika: "Yaya yambo, mimi nafanya 3D na montaji, niko na prosesa Ryzen 7 5800X na karte grafike RTX 3060, nimeweka kando dola 600, nataka kutia maji kama wewe, unaniambia nini?" Nilimujibu kwa sauti, sauti ikawa ndefu, halafu nikaona afadhali niandike hapa, maana nyinyi wote munauliza kitu kimoja na najua wengi munaosoma hapa muko na ndoto kama yangu, kukaa hapa hapa Lubumbashi na kutoa kazi ambayo mutu akiiona anauliza imefanyiwa Johannesburg ao Dubai.

Basi nianze na yangu. Kazi yangu ni animasio za 3D. Sosyete za mine zinataka video za kufundisha wafanyakazi wapya usalama, lori kubwa inageukia wapi, mutu asimame wapi, mulango gani usifunguliwe kabla ya kuzima umeme, na katikati ya hizo nafanya picha za villa ambazo hazijajengwa bado. Kazi hizi zinakula karte grafike. Ukishaweka taa na vivuli na vyuma vinavyong'aa, unapiga tuma, karte inaanza kuchora picha moja moja, usiku kucha, na ikipumzika ni kwa sababu umeme umekatika. Karte yangu ni RTX 3090, kiwandani imepangwa kwa wati 350, na memori zake ziko pande mbili za karte, mbele na nyuma. Zile za nyuma njo shida. Mbele kuna ventilatere na chuma kubwa ya kupoza, nyuma kuna bati tu. Memori ya aina ile ikikaribia nyuzi 110 karte inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na yangu mwezi wa kumi ilikuwa inagusa pale kila usiku.

Mwezi wa kumi wa Lubumbashi munaujua. Mvua haijashuka sawasawa, joto la mchana linapita nyuzi 30, na vumbi jekundu la kiangazi lote bado liko mu kila kitu. Halafu kuna jambo ambalo watu wa YouTube hawawezi kukuambia kwa sababu wengi wao wanakaa chini karibu na bahari: sisi tuko mita 1,200 hivi juu, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, imepungua zaidi kidogo ya asilimia 10. Ventilatere ileile, mwendo uleule, inasukuma hewa kidogo ya kubeba joto. Njo maana mutu wa ng'ambo anakuambia karte yake inakaa nyuzi 70 na yako inakaa 80 na hauelewi kosa liko wapi. Mara nyingi si kosa. Ni kimo cha muji wetu pamoja na joto letu.

Sikukimbilia maji. Hii naisema kwa nguvu kwa sababu watu wanafikiria nilikuwa na pesa za kuchezea. Kwanza nilipuliza vumbi yote, nikabadilisha pati ya joto na zile pedi laini zinazokaa juu ya memori, nikashusha volti za karte kwa programu, ambayo haigharimu hata franka moja na inapunguza joto vizuri kabisa na mwendo haupotei sana. Ilisaidia. Lakini makelele yalibaki, ventilatere zinalia usiku kucha na studio yangu ni chumba cha nyumba yangu, ukuta mmoja tu na mahali watoto wanalala. Mama watoto hakulalamika hata siku moja, namuheshimu kwa hiyo, lakini niliona macho yake asubuhi.

Njo nikaamua. Na hapa naomba munivumilie kidogo kwa sababu hii sehemu bado inaniuma. Nilienda kwa mwenzangu mmoja wa kazi, tunajuana muda mrefu, nikamuambia tuagize pamoja tugawane transpor, vitu vije kwa mupaka wa Kasumbalesa ao kwa ndege. Alicheka mbele ya watu. Sawa, kucheka ni kucheka. Lakini baadaye mteja wangu mmoja mukubwa akanipigia akasema anasimamisha kazi, amesikia kwamba mimi nachanganya maji na umeme na siku moja video zake zitaoga. Maneno hayo yalitoka mahali pamoja tu. Nilipoteza kazi ya miezi, si kwa sababu kazi yangu ni mbaya, kwa sababu mutu ambaye hajawahi hata kushika rakori, kale kachuma ka kufungia tiyo, mu mikono yake aliamua kunifundisha woga. Leo tunapitana barabarani tunasalimiana, na mteja yule amerudi, juzi nimemukabidhi animasio yake ya tatu. Lakini nimeyasikia yale maneno na siyasahau.

Sasa matokeo. Karte ilikuwa inapita nyuzi 80, leo kazi ndefu usiku kucha inakaa 55 hivi, na memori za nyuma zimeshuka mbali kabisa na ile 110 kwa sababu nilichukua bloku, ile bamba ya chuma inayopitisha maji juu ya karte, ya pande mbili. Makelele hakuna. Karte haijipunguzi tena, kazi ya usiku inaisha kabla jua halijatoka. Mimi njo fundi aliyeiunga, mikono yangu mwenyewe, hakuna mutu alikuja kunishikia tochi, na ninajivunia.

Lakini mudogo wangu wa Katuba, wewe usifanye hivi. Usikasirike, ngoja nikueleze.

Maji hayafuti joto. Yanalihamisha tu. Lita 1 ya maji inabeba joto mara elfu 3 na zaidi kuliko lita 1 ya hewa, ni kweli, njo maana bloku ndogo ya mukuba (shaba nyekundu) inaweza kunyonya wati 350 bila kutoka jasho. Lakini joto lile linaenda mu radiatere, kama ile ya gari, na radiatere inapozwa na nini? Na hewa ileile ya chumba chako, nyepesi ileile, yenye vumbi ileile. Kama chumba kina nyuzi 32 maji yako hayatashuka chini ya 32, hata ununue radiatere ya lori. Na mashini inayokula wati 500 itapasha chumba wati 500, uwe na maji uwe na hewa, dirisha utafungua tu. Kwa hiyo swali la kwanza si "maji ni mazuri ao hapana". Swali ni joto lako liko wapi na ni kiasi gani.

Wewe uko na 3060, ile ni wati 170. Ventilatere zake za kiwanda zinaiweza kabisa. Ryzen 7 5800X imeandikwa wati 105, ikipanda inafika 142 hivi, na ukiingia mu BIOS, ile menyu ya mashini kabla ya Windows kuwaka, ukawasha ile mode ya kupunguza wati, inashuka sana na kazi haibadiliki ya kukufanya ulie. Kipozeo cha hewa chenye minara miwili kama Thermalright Peerless Assassin 120 kinauzwa kwenye dola 35 hadi 40 kule kinakotoka, kinamaliza shida yako. Maji ya kujiunga mwenyewe, ukipiga hesabu ya kweli: pompe aina ya D5 na rezervwari yake, bloku ya prosesa, bloku ya karte, radiatere mbili, rakori zaidi ya kumi ambazo kila moja ni dola 5 ao 7 na kila mutu anazisahau mu hesabu, tiyo, ventilatere, transpor, forode. Yangu ilipita dola 700 nikiwa nabana. Ukichukua hizo 600 zako ukaongeza kidogo ukabadilisha karte, utapata mwendo mkubwa kuliko maji yoyote yatakayokupa. Maji juu ya 3060 yanakupa picha nzuri ya WhatsApp, basi.

Na kabla ya vyote hivyo, ondilere. Uko na ondilere? Ile sanduku ya batri inayoshika mashini umeme ukikatika? Nimemuuliza, hana. Ndugu zangu, muji huu wa delestaji, umeme unaenda unarudi na kishindo, na mutu anataka kutia maji ya dola 700 mu mashini isiyo na ondilere! Umeme ukikatika maji yenyewe hayana shida, pompe inasimama na mashini inasimama pamoja, hakuna kinachoungua. Kinachoua ni pale umeme unaporudi na nguvu, unapiga alimentasio, ile sanduku inayogawa umeme ndani ya mashini, na alimentasio ikifa vibaya inabeba na wengine. Linda kwanza, pamba baadaye.

Kuna wale ambao nawaambia ndiyo, fanyeni. Karte yako inakula wati 300 na kupita, inafanya kazi saa nyingi mfululizo na si michezo ya jioni, umeshapunguza volti na kusafisha na bado inajipunguza ao makelele yanakuzuia kuishi, kisha uko na pesa ya kuweka kando kwa ajili ya vipuri. Hiyo ya mwisho njo watu wanaipita mbio. Rakori ikivunjika hapa hauendi kununua kwenye kona, unangoja wiki nyingi na mashini imelala. Mimi niko na pompe ya pili ndani ya kabati, imefungwa, inangoja. Kama hauwezi kununua pompe mbili, hauko tayari kuwa na moja. Na wale wenye prosesa ya moto tu, karte ndogo, wachukue vile vipozeo vya maji vilivyofungwa kiwandani, haujazi wala haufungui, vinaenda miaka kadhaa kisha unabadilisha chote.

Ukifanya, mambo machache. Chuma. Sisi watu wa Katanga tusifundishwe mukuba na mutu, mababu zetu walikuwa wanauyeyusha na kutengeneza misalaba yake kabla ya reli kufika, lakini naona watu wa hapa hapa wanaagiza bloku ya mukuba na radiatere ya alumini kwa sababu ni rahisi. Hapana. Mukuba na alumini mu maji mamoja zinakulana, alumini inaanza kuoza, uchafu unaziba bloku. Mukuba na mukuba, shaba ya njano na nikeli zinaruhusiwa, alumini ibaki mu sufuria. Halafu mukuba unapitisha joto karibu mara 1.7 ya alumini, kwa hiyo hata kwa faida yako mwenyewe.

Maji. Ya bomba hapana, ya chupa ya kunywa hapana, yako na chumvi ndani. Chukua maji ya distile, garage zinayauza kwa ajili ya batri za gari, lakini angalia vizuri chupa, garage ileile inauza na asidi ya batri na chupa zinafanana. Ongeza dawa ya kuzuia ukungu ao ununue maji yaliyochanganywa tayari kwa kazi hii, achana na yale ya rangi ya maziwa, yanaacha uchafu unaoziba. Badilisha kila mwaka. Tiyo, chukua za mpira mweusi wa EPDM, zile za plastiki zinazoonyesha ndani zinatoa mafuta yao polepole, tiyo zinakuwa nyeupe nyeupe na utando unaingia mu bloku. Tiyo ngumu za kupinda na moto nazo ni nzuri kwa macho lakini siku unataka kubadilisha kitu unaanza upya.

Kujaribu kama haivuji: mashini yote isipate umeme, pompe peke yake. Unachomoa alimentasio kwenye karte mere, ile karte kubwa ambayo vyote vinachomekwa, na kwenye kila kitu kingine isipokuwa pompe, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya tundu 24, pompe inazunguka, chini ya kila rakori unaweka karatasi ya choo, na unaacha mchana na usiku. Karatasi ikibaki kavu, sawa. Tone moja, unaanza tena. Usiniambie una haraka. Haraka ya nini? Vijana wa siku hizi munataka mashini iwake leo, video itoke leo, pesa leo, na kitu ambacho kitakulisha miaka munakifunga kwa saa mbili. Kazi ni heshima yako. Mutu anayekucheka atakungojea pale pale kwenye tone lile la kwanza, usimpe.

Na vumbi, usifikirie maji yamekuokoa. Mapezi ya radiatere ni membamba, kiangazi kikianza mwezi wa tano yanajaa nyekundu upesi. Mimi naweka soksi ya mama ya nailoni mbele ya kila ventilatere inayovuta hewa, naifua, narudisha.

Kwa hiyo mudogo wangu, na nyinyi wengine munaotaka kuniandikia, kabla ya kuniuliza tena pakueni HWiNFO, programu inayoonyesha joto na wati za mashini, ni ya bure. Anzisha kazi yako nzito ya kawaida, si programu ya majaribio, iache iende saa moja na kesi, yaani sanduku la mashini, imefungwa. Andika joto la prosesa, la karte, la memori za karte kama inaonyesha, na wati zao. Rudia na kesi imefunguliwa ubavu. Ikishuka nyuzi 8 ao 10 ukifungua, shida yako ni kesi haipumui, nunua ventilatere mbili. Nitumie hizo namba zote pamoja na joto la chumba, bila hizo sitajibu maswali ya maji.