Mbwa mzee anakojoa ndani

Kwa uliyeuliza kama mbwa wa miaka 10 uliyemchukua kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama anakojoa ndani kwa ukaidi: mara nyingi si ukaidi. Kabla ya kumfundisha chochote, kinga mkojo wake wa asubuhi kwenye chombo safi, umpeleke nao kwa daktari wa mifugo ndani ya saa chache. Pima pia maji anayokunywa kwa saa 24. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, shuku ugonjwa wa figo, kisukari au tatizo la homoni.

Kagua na anapolala. Akiacha dimbwi usingizini bila kujua, hapo ni misuli ya njia ya mkojo imelegea, hasa kwa jike aliyetolewa kizazi, na dawa ipo. Ila usimnyime maji! Kama figo ni mbovu, unaweza kumuua.

Mtoe nje kila saa 3 au 4, na mara tu anapoamka. Kama sakafu ni ya vigae, tandika mkeka usioteleza hadi mlangoni. Mbwa mwenye maumivu ya viungo huogopa kuteleza, akajisaidia hapo hapo alipo. Kwa maumivu hayo, ibuprofeni, dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu, usimpe kabisa.