Kofia mkononi, maiti miguuni

Mmeuliza wiki hii ni katuni gani ya vita vya nchi za watu iliwahi kututeka na ilitutekaje. Mi yangu ni ya zamani mno, ya David Low, mzaliwa wa New Zealand, ilitoka kwenye Evening Standard la London tarehe 20 Septemba 1939, na inaitwa Rendezvous.

Hitler huku, Stalin kule, kila mtu kavua kofia anainama utadhani wamekutana kwenye harusi. Hitler anasema "Takataka ya dunia, kama sikosei?" na Stalin anamrudishia "Muuaji wa wafanyakazi, nadhani?" Chini yao kuna maiti, ndo Poland hiyo. Mjerumani aliingia tarehe 1, Msovieti tarehe 17, yaani siku tatu tu katuni ishatoka, na mkataba wao wa Agosti wa kutoshambuliana bado wa motomoto.

Sasa jamaa angeweza kuwachorea mapembe na damu mdomoni, ukaona, ukacheka, ukapita. Yeye kawapa adabu. Jicho lako linaanzia kwenye kofia, linateleza na mgongo uliopinda, linaishia kwa maiti, afu unagundua wenyewe wala hawaiangalii, wako bize kusalimiana!! Hapo hujasomewa hotuba yoyote lakini ushakasirika. Na matusi yenyewe hayajatoka hewani, hawa walikuwa wanatukanana miaka na miaka, kwahiyo Low kawavisha tu heshima juu ya maneno yao wenyewe.

Ila utamu wangu mimi mtu wa Kigoma uko kwenye hiyo "nadhani". Ni ya kwetu hiyo! Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, kamkuta mzee wa watu Ujiji mwaka 1871, kwa maelezo yake mwenyewe kavua kofia, akamwambia "Dr. Livingstone, nadhani?" na Waingereza wakaishika hiyo sentensi kama sisi tunavyoshika "paukwa". Low hakuhitaji kueleza chochote, utani ulishakaa kichwani mwa msomaji, yeye kaugeuza tu wakawa wauaji wawili wanatambulishana. Shuleni tulipelekwa pale kwenye mnara wa Livingstone, mi nakumbuka maembe tu, haya nimekuja kuyaunganisha ukubwani.

Kinachonikera ni nani hayupo pale. Uingereza ilitangaza vita tarehe 3 Septemba, lakini hakuna jeshi lake lililofika Poland kuikoa, na wewe ukiangalia watu wawili na maiti moja hesabu inakamilika, huulizi wa tatu yuko wapi. Msomaji wa London alifunga gazeti akiwa msafi kabisa. Halafu Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, na Uingereza hiyohiyo ikamkumbatia mwenye masharubu makubwa kama mshirika. Natamani ningeona kofia zilivyovuliwa siku hiyo.