Jibu: Kaka yako aliyevunjika mguu Kitonga

Pole sana, dada. Umeuliza kama kaka yako, dereva aliyeumia kazini kwenye mlima wa Kitonga, anaweza kudai fidia wakati tajiri wake, yaani mwajiri, hakumwandikia mkataba. Anaweza. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango hutoa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara, kwa hiyo akiambiwa "hukuchangia" asikubali.

Muda ndio adui: madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Tunzeni PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na karatasi za hospitali. Mimi nilipopata ajali yangu, kilichothibitisha kuwa nilikuwa kazini ni karatasi ya mizani ya barabarani yenye namba ya gari na saa, ilibaki mfukoni imelowa damu. Mtafute utingo wake leo, aandike alichoona. Na asisaini karatasi yoyote ya tajiri akiwa bado wodini, tafadhali.