Sufuria ya Chai Inanirudisha Wodini

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja jijini Dar es Salaam, na mwaka 2020 na 2021 niliwahudumia wagonjwa wa UVIKO-19. Ndugu walizuiwa kuingia wodini, hivyo mara nyingi nilimshikia mgonjwa simu sikioni ili asikie sauti ya mwanawe. Mpaka leo, sufuria ya chai ikitokota nyumbani nasikia yale maji ya chupa ambayo oksijeni ya mgonjwa hupitia, yakibubujika, na moyo unanienda mbio. Wagonjwa nawapenda kama zamani, ila zamu ya usiku ikikaribia mwili unagoma. Je, wito umeniishia?
Muuguzi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Wito haujakuishia. Dodoso la Beth Hudnall Stamm wa Marekani, linalotumika kupima ubora wa maisha ya kazi ya wanaohudumia wengine, lina kauli 30 zinazopima mambo matatu, kila moja peke yake: faraja aipatayo mhudumu kazini, uchovu wa kazi, na kiwewe kinachotokana na kushuhudia mateso ya wengine. Kwa kuwa hayajumlishwi pamoja, mtu huweza kuwa na faraja kubwa na kiwewe kikubwa kwa wakati mmoja, na barua yako inaonyesha hivyo.

Moyo kwenda mbio jikoni unaelekea kwenye kiwewe. Mwili kugoma kabla ya zamu naona ni uchovu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa wa mwaka 2019, liliuita hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa, wala halikuuita ugonjwa. Uchovu huo hauondoki kwa kujikaza. Mwone kiongozi wa wodi ukiwa na ratiba mkononi, umwonyeshe ni usiku mingapi inafuatana bila mapumziko. Inaniuma kuona wauguzi wakinyamaza kwa kuogopa kuitwa wavivu, ilhali aliyechoka ndiye anayeweza kukosea kipimo cha dawa.

Kiwewe, kwa upande wake, hakitaondolewa na likizo peke yake. Kinahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Ukifika kwake, anza na habari ya sufuria, hata kama unaiona ndogo, kisha umweleze na zile simu ulizowashikia wagonjwa.