Pasha betri joto kabla hujafika kwenye chaja

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kaka mmoja, Mkongo wa Bukavu, ambaye sasa anaishi katika mji mdogo kwenye bonde la Gudbrandsdalen, hapa Norway. Aliandika hivi: "Dada, nilinunua gari ya umeme, watu wote wakanisifia. Sasa baridi imekuja, naweka kwenye chaja ya haraka, nabaki pale saa moja na nusu. Wenzangu wanakuja wananikuta, wanaondoka wananiacha. Hii gari imekufa ao?"

Nilimjibu usiku uleule. Kaka, gari lako halijafa. Betri imepoa mno, na hakuna aliyekuonyesha namna ya kuipasha joto kabla hujafika kwenye chaja. Basi. Lakini kwa kuwa najua wengi wetu huku tumenunua magari haya, na wengine ndio mnajipanga kununua, nimeona niandike kwa kirefu. Jambo hili limeshaniliza, na leo nalifanya bila hata kufikiri.

Waliofika juzi wajue kwanza kwamba gari la umeme hapa si anasa. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme. Ukienda kutafuta gari la mkononi utakutana nayo tu, na bei inavutia. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Trondheim, zamu za usiku, na nilichoka kusubiri basi saa kumi na moja alfajiri. Nikajibana, nikanunua langu. Betri ya kilowati-saa 77, yaani kiasi cha umeme inachobeba, viti vyenye joto, kila kitu. Muuzaji alinionyesha namna ya kuunganisha simu na redio. Alinionyesha namna ya kufungua buti kwa mguu. Kuhusu kuchaji kwenye baridi alisema sentensi moja: "Utachomeka tu, gari litajua lenyewe."

Sentensi hiyo bado inanichoma.

Kwa sababu Januari yake mama yangu alikuja kutoka Tanga. Mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, mara yake ya kwanza kuona theluji. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Gardermoen, tukalala Lillehammer kwa wifi yangu ili asichoke, maana kutoka pale hadi Trondheim bado kuna zaidi ya kilomita 300 na mlima wa Dovrefjell katikati. Tuliingia Lillehammer jioni chaji ikiwa imebaki asilimia 20. Kwa wifi hakuna pa kuchaji, gari likalala nje. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Tukaaga, tukaenda moja kwa moja kwenye chaja ya haraka, mwendo wa dakika tano.

Chaja ile iliandikwa kilowati 150, yaani kasi yake ya juu ya kumimina umeme. Nikachomeka. Skrini ikaanza kuhesabu: 9, 14, 21, 24. Ikasimama hapo kwenye 24. Nilichomoa, nikahamia chaja ya pili. Ikawa 24 ileile. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, kanga mbili juu ya koti nililomnunulia, ametazama tu ile namba. Akaniuliza, "Mwanangu, hili gari linakula au linalamba?" Sikuwa na jibu. Pembeni yetu baba mmoja alikuja na gari lake, akachomeka, akaenda kununua kahawa, akarudi, akaondoka. Kabla hajapanda alituangalia, akamwambia mwenzake kwa Kinorwe kwamba magari haya yanataka watu waliozoea baridi. Alidhani sielewi. Mimi nimesoma Kinorwe hadi nikafaulu mtihani wa juu, na kila neno lilinifikia.

Nilipompigia simu muuzaji aliniambia, "Ni kawaida, ni baridi." Na kweli ilikuwa baridi. Ila yule baba wa pembeni alikuwa kwenye baridi ileile, na gari lake liliondoka limeshiba.

Aliyenifungua macho ni dereva teksi Msomali wa hapa Trondheim, ambaye kabla ya kuja huku aliishi Nairobi, mtaa wa Eastleigh, na Kiswahili chake ni safi. Siku moja alinikuta kwenye chaja nimekunja uso. Akaniuliza, "Dada, ulipokuja hapa, ramani ulitumia ya simu au ya gari?" Nikamwambia ya simu, ndiyo niliyozoea. Akaniomba ruhusa, akaingia, akafungua ramani ya gari lenyewe. Akatafuta kituo cha kuchajia kilichokuwa mbele, akakibonyeza kiwe ndiyo safari yetu, kisha akanionyesha kona ya skrini. Kialama kidogo cha betri kilitokea, na mistari mitatu ya mawimbi juu yake. "Hapo sasa," akasema, "gari limeshajua unakwenda kuchaji. Limeanza kupasha betri."

Simu haiongei na betri. Ukifuata ramani ya simu, hata kama inaonekana kwenye skrini ya gari, katika magari mengi gari halijui kama unakwenda kuchaji au unakwenda kanisani. Ni lazima uliambie lenyewe, kwa ramani yake.

Nieleze sababu, kwa maana ukiielewa hutasahau. Unapochaji, ioni za lithiamu ndani ya betri husafiri kutoka upande chanya kwenda upande hasi, ambako kuna tabaka nyembamba za grafaiti, na hujipenyeza katikati ya tabaka hizo. Njia yao ni kimiminika. Waliokulia pwani wanayajua mafuta ya nazi: wakati wa kipupwe chupa unaipindua na hakitoki kitu. Kimiminika cha ndani ya betri hakigandi hivyo kabisa, lakini kinakuwa kizito, na ioni zinakwenda kwa shida. Ukizisukuma kwa nguvu, zinafika nyingi kwa pamoja kuliko zinavyoweza kupenya, zinarundikana juu ya grafaiti na kugeuka metali ya lithiamu. Lithiamu hiyo hairudi yote kazini. Betri inapoteza uwezo wake, na metali ile ikiendelea kuota miiba inaweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili na kuleta shoti.

Kwa hiyo kompyuta ya gari ikiona betri ni ya baridi inabana mlango. Chaja inaweza kutoa kilowati 150 au 300, gari litapokea 24. Chaja haina kosa. Hata betri haina kosa, inajilinda.

Na kwa nini upashe mapema? Piga hesabu na mimi. Betri ya gari kama langu ina uzito wa kilo 450 hivi, wakati mwingine zaidi. Kuipandisha nyuzi 25 kunahitaji takribani kilowati-saa 3 za joto. Hita ya kilowati 6 itachukua nusu saa kufanya kazi hiyo. Ukikumbuka kubonyeza ramani ukiwa umebakiza dakika tano, umechelewa. Nusu saa kabla, na ikiwa nje ni chini ya nyuzi kumi hasi, fanya dakika arobaini. Nusu saa. Nasema tena, nusu saa kabla.

Wapo watakaosema, "Lakini unapoteza umeme." Ndiyo, unatumia zile kilowati-saa 3. Lakini ukitaka kujaza kilowati-saa 40 kwa kasi ya 30, utakaa zaidi ya saa moja, na muda wote huo unawasha hita ya ndani ili watoto wasigande. Betri ikiwa na joto na kupokea wastani wa 120, ni dakika ishirini. Mimi mtu wa zamu, saa moja yangu ya kulala naijua thamani yake.

Jambo hili wala si uchawi mpya. Tesla iliingiza upashaji wa njiani kwenye magari yake Machi 2019, ilipotangaza chaja zake za kilowati 250, na ilisema muda wa kuchaji unapungua kwa asilimia 25 kwa wastani. Wengine walifuata polepole. Ioniq 5 za mwanzo za Hyundai, gari linalosifika kwa kuchaji haraka, hazikuwa nao, ukaja baadaye. Ndiyo maana ukinunua la mkononi usitazame jina tu, tazama mwaka, na uliza kama programu ya gari imesasishwa.

Na msidhani ni sisi wageni peke yetu tunaokwama. Januari 2024 baridi kali iliposhuka Chicago, magari yalipanga foleni kwenye chaja, mengine yakaishiwa chaji kabisa na kukokotwa. Wenyeji wale, waliozaliwa na theluji mlangoni. Wengi walifika na betri zilizopoa mno, kila mmoja akachukua muda mrefu, na foleni ikazaa foleni. Nilipotazama habari zile nilimkumbuka yule baba wa Lillehammer. Kuzoea baridi ni jambo moja, kujua gari ni jambo jingine.

Sasa ile asubuhi ya Lillehammer ina somo lake, nalo ni tofauti kidogo. Ukilala na chaji kidogo, gari nje, na chaja iko dakika tano, ramani haitakusaidia sana. Kwanza njia ni fupi. Pili, magari mengine hukataa kupasha betri chaji ikiwa imebaki kidogo, ili usiishiwe njiani. Dawa yake ni kuchaji jioni. Umeendesha saa tatu, betri ina joto la safari, peleka kwenye chaja hapo hapo kabla hujaenda kula. Najua umechoka, najua wifi amepika. Chaji kwanza. Kama unapolala pana soketi, hata ile ya polepole, chomeka gari usiku kucha, na asubuhi weka saa ya kuondoka kwenye programu ya gari. Magari mengi yatapasha chumba cha ndani kwa umeme wa ukutani, na baadhi yatapasha na betri. Gari likiwa na kitufe cha kupasha betri bila kutumia ramani, basi una bahati, kibonyeze wakati unakunywa chai.

Tangu hapo Dovrefjell nimeizoea. Nikitoka Oslo naweka chaja ya Dombås, mji ulio chini ya mlima huo, kwenye ramani ya gari nikiwa bado nipo chini kule bondeni. Mara ya mwisho tulipanda na mama kwenye nyuzi 15 hasi, nikachomeka, namba ikapanda hadi 128. Mama alipiga makofi ndani ya gari. "Leo linakula!" Vijana wawili wa hapa walikuwa pembeni yangu, wao wamekwama kwenye 30, wakaniuliza gari langu ni aina gani. Niliwaonyesha kwenye skrini yao wenyewe, kwa Kinorwe, polepole, hadi alama ya mawimbi ikatokea. Sitaficha, nilijisikia vizuri sana.

Ndugu zangu, tuache kuona aibu kuuliza. Tunakuja katika nchi hizi tunajifunza lugha, tunajifunza kodi, tunajifunza kuendesha kwenye barafu, halafu kwenye gari tulilolipa kwa jasho letu tunakubali kuambiwa "ni kawaida". Si kawaida. Ukijua, mwonyeshe na mwenzako. Katika makundi yetu ya harusi na misiba tunatumiana kila kitu, tumianeni na hili.

Ndugu wa Dar na Mombasa mnaoniuliza kama na ninyi mnahitaji kupasha betri: hapana. Kwa nyuzi 30 za kila siku betri yenu iko tayari. Shida yenu ni joto kuzidi, hasa kwa Nissan Leaf za zamani, ambazo betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Huku kwetu, Leaf hiyohiyo ina hita ndogo ya kuzuia betri isigande kabisa, lakini haitaitayarisha kwa chaja ya haraka. Anayetembea mjini tu itamfaa. Anayevuka milima kila mwezi atafute jingine.

Na kabla hujalipa senti, kaa kwenye kiti cha dereva muuzaji akiwa kando yako, mwambie akuonyeshe kwa kidole mambo haya: betri inapashwaje, alama yake inatokea wapi, na kama kuna kitufe au ni kwa ramani peke yake. Muulize pia kama betri ni ya LFP, yaani ile ya lithiamu, chuma na fosfeti. Aina hiyo inadumu sana na bei yake ni nafuu, lakini kwenye baridi inapokea umeme kwa shida zaidi ya nyingine. Kama ni hiyo na gari halina namna yoyote ya kupasha, na wewe unaishi kwenye miji ya baridi kali kama Otta au Oppdal, mrudishie funguo zake.