Kwa wahudumu wapya wa kliniki ya utumbo: dawa za kuchochea ukuaji na miaka inayofuata

Dawa inayoamrisha seli zigawanyike haibagui seli nzima na seli iliyokwisha kuanza kuharibika. Ndiyo sababu tunawafuata wagonjwa wanaopewa dawa hizi kwa miaka.

Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la EGF (protini inayochochea seli kukua) kwa wagonjwa 24 wenye kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe sugu wenye vidonda katika utumbo mpana: enema moja (dawa ya maji ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa) kila siku, siku 14. Kati ya 12 waliopata EGF, 10 walitulia kabisa. Kati ya wenzao 12 waliopata enema isiyo na EGF, mmoja tu. Matokeo ya kutia moyo sana, lakini saratani haijitokezi ndani ya siku 14. Isitoshe, utumbo uliovimba miaka mingi huweza kuota saratani bila dawa yoyote. Usipokuwa na picha ya mwanzo, utalaumu dawa bure au utaitetea bure.

Teduglutaidi, sindano ya kuchochea ukuaji wa utumbo kwa wenye utumbo mfupi (baadhi yao wamekatwa utumbo kwa sababu ya Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo), ina ratiba iliyo wazi. Kolonoskopi (kuchungulia utumbo mpana kwa kamera) ifanywe ndani ya miezi 6 kabla ya sindano ya kwanza na polipu (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) zitolewe zote. Irudiwe baada ya mwaka 1, kisha angalau kila miaka 5. Bilirubini, lipasi na amilasi (vipimo vya damu vya ini, nyongo na kongosho) hupimwa kabla, halafu kila miezi 6. Saratani ya tumbo au utumbo ikionekana, dawa inakoma.

Dozi ni miligramu 0.05 kwa kilo kwa siku, chini ya ngozi: mwenye kilo 60 apate miligramu 3. Figo zikiwa dhaifu, nusu yake. Kosa tunaloliogopa zaidi ni kusahau dawa za kumeza. Utumbo ukianza kufyonza vizuri, diazepamu (dawa ya kutuliza) ile ile ya jana inaweza kumlaza mtu kupita kiasi. Maji ya mshipani nayo yapunguzwe, la sivyo miguu huvimba na moyo huelemewa. Tumbo likijaa na choo kikasimama, shuku kuziba.

Hapa Nairobi, kabla ya kuandika Crohn kwenye faili, hakikisha si kifua kikuu cha utumbo. Na kwa kuwa wengi hurudi mashambani wakipata nafuu, chukua namba tatu za simu: yake, ya jamaa anayeishi naye, na ya zahanati ya karibu. Zipige ndani ya mwezi mmoja, kabla hazijabadilishwa.